Wizi Usioacha Nyayo

Kanuni ya Adhabu ambayo Waingereza waliileta Tanganyika mwaka 1930 ilitungwa na watu waliomjua mwizi kwa mkono na mguu wake. Kuiba, kwa kanuni hiyo, kulikuwa ni kukitwaa kitu cha mwenzio kwa hila ili akikose moja kwa moja. Jembe likiibwa, mwenyewe hubaki mikono mitupu. Ng'ombe naye huacha kwato njiani. Umeme, usioshikika wala kufungwa kamba, ulibidi kupewa kifungu chake peke yake.

Lakini je, mtu akinakili siri zilizomo katika kompyuta, na siri zenyewe zikabaki pale pale, mwenye mali amekosa nini? Hapo ndipo kanuni ya kale ilipopigwa na bumbuazi.

Ushahidi nao ulikuwa na mashaka yake. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilitaka hati yenyewe iletwe mbele ya hakimu. Mwaka 2000, katika shauri la benki moja lililosikilizwa na Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, Jaji Nsekela alikabiliwa na swali: kumbukumbu zilizomo katika kompyuta ni kitabu cha benki au si kitabu? Akaamua kwamba ni kitabu, kwani mahakama haiwezi kuwapa kisogo wafanyao biashara kwa mitambo. Mimi niliyezeeka katika majalada ya karatasi nauheshimu ujasiri ule. Bunge lilikuja kuufungulia mlango ushahidi wa namna hiyo katika kesi za jinai mwaka 2007.

Ndipo ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini sasa ni kosa kwa nafsi yake, hata kama hakikuchukuliwa kitu. Kama vile aingiaye nyumba ya watu bila hodi. Hilo mwananchi yeyote hulielewa. Kifungu cha 16 ni jambo jingine. Chenyewe kiligusa usemi, kikamwekea mtangazaji wa habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwizi na msemaji walitiwa katika jamvi moja, na wengi walilalamika, kwa haki nadhani.

Na sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitamkwa kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, miaka 6 baadaye, hali wauza vocha na wapokea fedha za simu walikwisha kuishi chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma.