Mbegu Zilizolifikisha Boga Kwenye Tani

Mwaka 1904, kwenye maonesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, William Warnock wa Goderich, Ontario, nchini Kanada, alipeleka boga la kilo 183 hivi. Jina lake lilikuwa limeshavuma: maboga yake yalikwishatia fora Chicago mwaka 1893 na Paris mwaka 1900. Rekodi ya St. Louis ilidumu miaka 72. Vita vikuu viwili vilipita, matrekta na mbolea za viwandani vikaenea mashambani, na bado hakuna aliyemfikia hadi 1976, boga la kilo 205 lilipopimwa Pennsylvania.

Kwa maoni yangu, kilichokosekana miaka yote hiyo ni mtu wa kushughulikia mbegu. Mtu huyo alikuwa Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia. Kwa miaka mingi alichanganya aina za zamani za maboga makubwa, akabakiza mbegu za yale yaliyozidi mengine, akapanda tena. Kuanzia 1979 hadi 1982 alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo. Boga lake la 1981 lilifika kilo 224. Aina yake, Atlantic Giant, iliuzwa kwa yeyote mwenye bustani, na karibu kila boga lililovunja rekodi tangu hapo ni kizazi chake.

Kazi ya Dill bado inaendelea kwa mikono. Jioni, mkulima hulifunga ua jike kabla halijachanua, nyuki asije akaleta chavua ya ovyo. Alfajiri huchuma ua dume la mche aliouchagua, huliambua petali, kisha hulipaka taratibu ndani ya ua jike. Ukoo huandikwa kwa uangalifu: mbegu huitwa kwa uzito wa boga mama kwa ratili, jina la mkulima na mwaka. Mbegu za 2009 Wallace 2012 zilitoka kwenye boga la Ron Wallace, la kwanza kuvuka ratili 2,000.

Mche huachiwa tunda moja tu. Matawi yanayotambaa hufukiwa udongo kwenye vifundo ili yatoe mizizi mingine, na boga hufunikwa shuka lisibabuke kwa jua. Likishika kasi, huongezeka kilo 20 au zaidi kwa siku. Likipasuka hadi ndani, mashindanoni halipokelewi. Nyama yake ina majimaji, haina utamu. Anayetaka boga la kupika kwa nazi apande aina nyingine.

Mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota alifikisha kilo 1,247, uzito unaoipita Toyota Vitz. Oktoba 2025 rekodi ikahamia Uingereza, kwa mapacha Ian na Stuart Paton, kwa boga la kilo 1,278.8. Walikuwa wamelima maboga tangu utotoni, kwa zaidi ya miaka 50.