Nyumba ya Mafukara: Istilahi na Maisha Yaliyomo

Jina la Kiingereza la taasisi zilizoanzishwa Ireland kwa Sheria ya Maskini ya mwaka 1838 limeundwa kwa maneno mawili, kazi na nyumba, na anayeligeuza neno kwa neno hupata "nyumba ya kazi", tafsiri inayomfanya msomaji adhani ni karakana yenye ujira. Ujira haukuwapo. Wanaume walivunja mawe, wanawake walifua na kupiga deki, wengine walichambua kamba kuukuu za meli kuwa nyuzi, na walichopata ni uji, maziwa na mahali pa kulala. Kwa hiyo kazi haikuwa shabaha ya taasisi bali sharti lililowekwa kwa makusudi, ili hali ya ndani iwe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, asije akabisha hodi mtu ambaye hajashindwa kabisa.

Kiairishi kiliyaita majengo hayo Teach na mBocht, yaani Nyumba ya Maskini, na jina hilo linaukaribia ukweli zaidi. Hata hivyo, kwa Kiswahili hata mwenye kibanda na jembe huitwa maskini, ilhali sheria ya mwaka 1847, njaa kuu iliyoanza kwa kuoza kwa viazi mwaka 1845 ikiwa imepamba moto, ilimnyima msaada yeyote aliyeshika zaidi ya robo ekari ya ardhi mpaka aiachie. Asiyebakiwa na kitu ni fukara, na hapo ndipo "nyumba ya mafukara" inapostahili kuwa istilahi.

"Makao" nayo haifai, kwa kuwa neno hilo hubeba joto la familia, na familia ilivunjwa mlangoni: mume, mke, wavulana na wasichana walitengwa kila kundi katika ua wake, wakavishwa sare, na watoto wa chini ya miaka miwili tu ndio walioachwa na mama zao. Vivyo hivyo bodi zilizoziendesha nyumba hizo zisiitwe za "walezi", kama Kiingereza kilivyoziita, bali za wasimamizi, kwani ulezi ni jambo jingine kabisa.

Huko Kilkenny, wanaakiolojia walifukua katika kiwanja cha nyumba mojawapo mabaki ya watu wasiopungua 970 waliozikwa wakati wa njaa hiyo, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto.