Moto wa Taratibu wa James Young

Ponda jiwe la mwamba wa mafuta utakavyo, hutaona hata tone la mafuta. Ndani yake mna kerojeni, masalia ya mwani uliozikwa kwenye tope la maziwa ya kale, kitu kigumu kisichoyeyuka hata kwa spiriti. Mafuta huzaliwa motoni, na moto ndio unaoamua yatakuwa ya namna gani.

James Young, mkemia wa Glasgow, aliligundua hilo kwenye makaa ya mawe. Mwaka 1848 alikuwa akisafisha mafuta yaliyochuruzika mgodini huko Derbyshire, Uingereza. Yalipoanza kukauka, akawaza kwamba huenda joto la ardhini ndilo lililoyakamua kutoka kwenye makaa. Viwanda vya gesi viliyachoma makaa kwa moto mkali, vikapata gesi na lami yenye benzini na naftalini. Young akapunguza moto, akapata parafini, minyororo mirefu ya kaboni inayofaa taa. Alipewa hataza mwaka 1850, na mwaka uliofuata kiwanda chake kikaanza kazi Bathgate, Uskoti.

Makaa aliyoyatumia yalipopungua, zamu ikawa ya mwamba wa mafuta wa West Lothian, huko huko Uskoti. Mafuta yake yalikuwa korofi. Petroli ghafi ya kisimani karibu haina alkeni, lakini haya yanazo tele, kwani mnyororo ukikatika motoni, kipande kimoja hubaki kimepungukiwa haidrojeni. Alkeni hizo hushikana zikikaa, mafuta yakaingia weusi na ugundi. Humo pia mna piridini, yenye naitrojeni na uvundo usiovumilika. Ikabidi yaoshwe kwa asidi ya salfuriki, kisha kwa kostiki soda, ndipo zipatikane nafta, mafuta ya taa, mafuta ya mashine na nta ya mishumaa. Amonia iliyotoka pamoja nayo iligeuzwa mbolea, na kwa maoni yangu mbolea hiyo ndiyo iliyovipa viwanda uhai mrefu mbele ya mafuta rahisi ya Marekani.

Mwaka 1913 zilichimbwa zaidi ya tani milioni 3 za mwamba. Kazi ilikoma 1962. Vilima vyekundu vya mabaki vingalipo.

Young alikuwa rafiki wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Afrika, tangu masomoni Glasgow. Mwaka 1874, baada ya watumishi wa Livingstone, Abdullah Susi na James Chuma, kuufikisha mwili wake Bagamoyo, Young ndiye aliyewalipia safari ya Uingereza, kwa utajiri uliotokana na mafuta ya taa.