Vifungashio vya marobota ya pamba: kitambaa, juti au plastiki?

Robota la pamba nyuzi kutoka viwanda vya kuchambulia pamba vya Mwanza, Simiyu au Shinyanga husafiri mamia ya kilomita kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam. La Uganda hupitia Mombasa. Njiani kuna vumbi, mvua, grisi ya lori na ndoano za makuli, na kinga yake ni kifuniko cha nje pamoja na nyaya au mikanda inayolibana.

Wasokotaji hupenda zaidi kifuniko cha kitambaa cha pamba, kwa kuwa hata uzi wake ukichomoka hupokea rangi kama pamba yenyewe. Juti ni imara, lakini nyuzi zake ngumu hung'ang'ania pamba.

Adui mkubwa ni polipropilini iliyofumwa, yaani plastiki ya viroba. Ikipigwa na jua hukauka na kuchanika, vijiuzi vyake vikaingia ndani ya pamba. Vijiuzi hivyo havishiki rangi ya pamba, hivyo mara nyingi hugunduliwa kitambaa kikiwa kimeshafumwa na kutiwa rangi. Hapo mnunuzi hudai fidia, au hushusha bei ya pamba yote inayotoka nchi hiyo, hata ya muuzaji aliyefungasha vizuri. Polithini laini haichambuki hivyo, ila robota lililofungwa likiwa na unyevu hubaki nao na kuota ukungu.

Waya wenye kutu huacha madoa. Ukikatika, robota hufutuka na kula nafasi ya kontena.

Msafirishaji naye asidhani hayamhusu. Kanuni za kimataifa za bidhaa hatari baharini zinaiweka pamba iliyolowa katika kundi la 4.2, la vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe, kwa hiyo turubai lililotoboka si jambo dogo. Lori lililobeba saruji au mafuta lisafishwe kabla ya kupakia. Tundu lililokatwa ili kutoa sampuli lizibwe kwa kitambaa cha pamba; kuliziba kwa kipande cha kiroba ni kosa kubwa kuliko tundu lenyewe. Marobota yaliyochanika yahesabiwe na kuandikwa kwenye hati ya mzigo, dereva na mtunza ghala wakiweka saini, kabla lori halijatoka kiwandani. Bila hivyo, bandarini atakayeulizwa ni mwenye lori.