Kisiwa cha Ihema na Mlango Uliofungwa

Nchi ya Rwanda haina bahari. Walakini mkaazi wa Kigali anayetamani kuzuru kisiwa cha pori, chenye mamba kandokando na ndege wasiohesabika juu ya miti, aweza kutoka nyumbani kwake alfajiri, akapita Rwamagana na Kayonza, akachepuka Kabarondo, na kabla jua halijawa kali akawa amekwisha kusimama ukingoni mwa ziwa Ihema, ndani ya hifadhi ya Akagera, mashariki kabisa mwa nchi, kupakana na Tanzania. Kufikia saa za magharibi atakuwa amekwisha kurejea mjini. Safari hii ya siku moja, ambayo leo yahitaji gari, kiingilio na nafasi katika boti, ilikuwa zamani safari isiyowezekana hata kwa watu waliokuwa na bunduki, nguo na ushanga wa kutosha.

Mwezi Machi 1876, mpelelezi Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwishoni mwa 1874 na msafara mkubwa wa wapagazi na askari wa pwani, alikuwa amekaribishwa kwa heshima na Rumanyika, mtawala wa Karagwe, katika Tanzania ya leo. Na kutoka huko akaupanda mto Kagera kwa mashua, akipita baina ya mafunjo, hata akafika Ihema na kutua katika kisiwa chake. Bara ya Rwanda ilikuwa mbele ya macho yake, vilima juu ya vilima, lakini hakuiingia. Wenyewe hawakumtaka.

Wala haikuwa habari ngeni kwake, kwa sababu katika Karagwe, mahali paitwapo Kafuro, alikuwapo tajiri wa Kiarabu, Hamed bin Ibrahim, aliyekaa miaka mingi akinunua pembe, na ndiye aliyemsimulia jinsi alivyojaribu zaidi ya mara moja kufungua tijara na Rwanda asifanikiwe. Naona ni haki tuikumbuke habari hii vema, kwani tumezoea kusoma kwamba bara yote ilikuwa wazi kwa misafara ya pwani, na kwamba palipofika kanzu na bunduki hapakuwa na wa kuuliza. Ufalme wa Rwanda, chini ya mfalme Kigeli wa Nne Rwabugiri, uliuliza. Ulikuwa na majeshi yaliyopangwa, ulivamia majirani zake pande zote, na bidhaa za pwani ukazipata kwa mikono ya watu wa kati bila ya kumpa mwenye bidhaa idhini ya kulala ndani ya mipaka yake.

Mlango huo ulifunguka mwaka 1894, Mjerumani von Götzen alipovuka mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo, kusini mwa Ihema, akaikata nchi mpaka ziwa Kivu. Mwaka 1907 Richard Kandt aliweka makao ya serikali ya Kijerumani juu ya kilima cha Nyarugenge, ndio mwanzo wa mji wa Kigali. Na nyuma ya bendera ile wakaja askari, makarani na wachuuzi wa pwani, wakakaa pembeni mwa mji, upande wa Nyamirambo na Biryogo, ambako msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Kwa hiyo Kiswahili kilichoshindwa kuvuka ziwa Ihema kwa hiari ya mfalme kilipata makao Kigali kwa amri ya mgeni, na mwaka 2017 kikafanywa mojawapo ya lugha rasmi za nchi.

Pori lenyewe nalo lina tarikhi, na mgeni asidhani kwamba anatazama kitu kilichosahauliwa tangu kuumbwa kwa dunia. Serikali ya Kibelgiji, iliyowafuata Wajerumani, iliitenga hifadhi hii mwaka 1934, yapata kilomita za mraba 2,500. Baadaye wakaletwa vifaru weusi kutoka Karagwe, kwa maneno mengine kutoka ng'ambo ile ile alikotokea Stanley. Na mwaka 1975 wakaletwa ndovu 26 wachanga kutoka Bugesera, ambako wakubwa wao walipigwa risasi kwa kuwa ardhi ilitakiwa kwa kilimo. Mmoja wa mayatima hao akaitwa Mutware, akakua dume la kutisha, mwenye mazoea ya kujilaza juu ya magari ya wageni na kuyavunja, hata akawa mashuhuri kuliko viongozi wengi, mpaka alipokufa mwaka 2018. Mimi simlaumu.

Kisha vikaja vita na mauaji ya kimbari ya 1994, na baada yake wakarejea maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi Uganda na Tanzania, pamoja na ng'ombe wao, wasiokuwa na mahali pengine pa kwenda. Mwaka 1997 hifadhi ilipunguzwa ikabaki chini ya nusu, kilomita za mraba 1,122. Simba waliokula ng'ombe walitegewa sumu, wakaisha wote. Kifaru wa mwisho alionekana mwaka 2007. Waandishi wengine huisimulia habari hii kana kwamba mfugaji ni adui wa pori. Mtu aliyekaa ugenini miaka thelathini na zaidi, akarejea na mifugo yake, angefanya nini? Tangu 2010 serikali imeshirikiana na shirika la uhifadhi la African Parks. Uzio ukajengwa, simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, vifaru weusi 18 mwaka 2017, na vifaru weupe 30 mwaka 2021.

Katika hifadhi ya leo, boti ya wageni huondoka ukingoni mwa Ihema taratibu, ikiambaa mafunjo. Viboko hupiga miayo, na mamba huteleza majini bila sauti. Kisiwa hunuka kabla hakijaonekana vizuri, kwani miti yake imepakwa weupe na kinyesi cha ndege: minandi na mbizi wamejenga matago tawi kwa tawi, na makinda hutumbukiza vichwa vyao vizima ndani ya midomo ya wazazi kudai samaki aliyekwisha mezwa. Mbizi wakubwa hutandaza mbawa juani wakauke, nao furukombe hulia juu yao. Mtembezi hutakiwa kuacha nyumbani nguo za buluu na nyeusi, maana rangi hizo humwita mbung'o, na ndizo zitumiwazo katika mitego ya vitambaa itundikwayo njiani.

Habari za Ihema ya 1876 tunazisoma katika kitabu cha Stanley, yaani kwa kalamu ya mtu mmoja tu aliyekataliwa. Simulizi za Wanyarwanda waliomkatalia, na za wazee wa Biryogo ambao babu zao walifuata njia za misafara, aghalabu zimebaki vinywani. Enyi walimu na wanafunzi wa Kiswahili wa Kigali, chukueni daftari mwende mkaziandike wasimulizi wangali hai.