Wavunaji wa kukodiwa: Biashara ya kufukuzana na ngano iliyokomaa

NGANO ikishakomaa haimsubiri mtu. Mahindi yaweza kusimama shambani kwa wiki kadhaa yakikauka ndani ya maganda yake, lakini suke la ngano halina kinga ya namna hiyo. Mvua ikilinyeshea siku chache mfululizo, punje huanza kuchipuka zingali kwenye bua. Upepo mkali huzipukutisha, na mvua ya mawe yaweza kulimaliza shamba zima kwa muda wa dakika chache.

Ndipo anapohitajika mvunaji wa kukodiwa. Huyu ni mtu anayemiliki kombaini, yaani mashine inayokata, kupura na kupepeta nafaka kwa mkupuo mmoja, na ambaye huzunguka akiwavunia wengine kwa malipo. Kazi hii inafahamika nchini Kenya, hususan Narok na Uasin Gishu. Hata hivyo, mahali ilipokomaa na kuwa biashara yenye kanuni, desturi na jamii yake ni katika nyanda za kati za Marekani, kuanzia jimbo la Texas hadi mpaka wa Canada. Mkulima wa hapa nyumbani ana mengi ya kujifunza kutoka huko, hasa kuhusu namna ya kulipana.

Chimbuko

Kombaini si uvumbuzi wa juzi. Hiram Moore na John Hascall walipewa hataza ya mashine ya namna hiyo huko Michigan mwaka wa 1836, nayo ilikokotwa na kundi la farasi. Lakini kwa miongo mingi baada ya hapo, sehemu kubwa ya ngano ya nyanda hizo iliendelea kutegemea vibarua waliosafiri kwa treni za mizigo kutoka kusini kwenda kaskazini kila msimu. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka wa 1915 chama cha wafanyakazi cha IWW kiliunda mjini Kansas City tawi maalumu la kuwatetea.

Safari hiyo ya kusini hadi kaskazini ilitokana na aina ya ngano iliyopandwa. Mnamo 1874, wakulima wa madhehebu ya Mennonite waliohama kutoka milki ya Urusi walifika Kansas na mbegu iliyoitwa Turkey Red. Ngano ya jamii hiyo hupandwa Septemba na Oktoba, hustahimili baridi kali ya miezi ya theluji, kisha hukomaa joto linapoanza. Maadamu joto hutangulia kusini, mavuno nayo huanzia huko na kupanda kaskazini hatua kwa hatua.

Biashara yenyewe ilipata nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wengi walikuwa jeshini na chuma kilikuwa adimu, ilhali chakula kilihitajika kwa wingi. Kampuni ya Massey-Harris ya Canada ilikuwa imeunda kombaini inayojiendesha bila kukokotwa na trekta, kazi iliyoongozwa na mhandisi Tom Carroll, mzaliwa wa Australia. Joe Tucker, aliyekuwa afisa wa mauzo wa kampuni hiyo, aliiomba serikali ya Marekani iruhusu chuma cha kutengenezea mashine 500 zaidi. Kila mnunuzi angelazimika kuahidi kuvuna angalau ekari 2,000.

Ombi hilo lilikubaliwa. Katika msimu wa 1944 mashine hizo zilipangwa kusini na kusogea kaskazini kadiri ngano ilivyokomaa. Zilivuna zaidi ya ekari milioni moja na kukusanya takriban bushel milioni 25. Bushel moja ya ngano ni kama kilo 27, hivyo mavuno hayo yangejaza zaidi ya magunia milioni saba ya kilo 90. Vita vilipokwisha, wengi walikuwa wameona kwamba mtu aweza kujipatia riziki kwa kuvuna mazao ambayo hakuyapanda.

Njia ya mavuno

Hadi leo ratiba haijabadilika sana. Kazi huanza Texas mwezi Mei, huingia Oklahoma mwishoni mwa mwezi huo, na kufika Kansas katikati ya Juni. Julai huwakuta wavunaji Nebraska na South Dakota, na Agosti wakiwa North Dakota na Montana. Masafa hayo ni takriban kilomita 2,000, karibu mara mbili ya barabara ya kutoka Mombasa hadi Kampala. Baada ya hapo, wengi hugeukia mahindi, soya na mtama, na huenda wasirejee makwao hadi Novemba.

Msafara mmoja huwa na kombaini mbili, tatu au zaidi, malori ya nafaka, trekta yenye trela ya kupokelea nafaka shambani, gari la vipuri na dizeli, pamoja na trela za kulala. Kombaini hubebwa juu ya malori. Kwa kuwa ni pana kuliko magari ya kawaida, mwenye msafara hana budi kutafuta kibali katika kila jimbo analopitia, na kwa kawaida mizigo ya upana huo husafirishwa mchana pekee.

Biashara nyingi ni za jamaa. Baba huendesha mashine na kupatana na wakulima, mama hushika vitabu vya hesabu au hupika na kupeleka chakula shambani, na watoto hujiunga nao shule zinapofungwa. Wateja pia hurithishwa. Si ajabu mvunaji kufanya kazi katika shamba ambalo babu yake alilivuna, kwa mjukuu wa mkulima yule yule. Mwaka wa 1983 wavunaji hao waliunda chama chao, U.S. Custom Harvesters, ili kusemea maslahi yao kuhusu kanuni za barabara, ajira na usalama.

Siku ya kazi

Kazi haianzi alfajiri kama wengi wanavyodhani. Umande ukingali juu ya masuke, mabua huwa laini na hayapuriki vyema. Saa za asubuhi hutumiwa kupaka grisi, kupuliza vumbi kwenye vichujio, kukagua mikanda na kujaza dizeli. Kisha hukatwa sampuli na kupimwa unyevu. Ghala nyingi hupunguza bei au hukataa nafaka yenye unyevu unaozidi takriban asilimia 13.5, kwa hivyo mashine huondoka tu kipimo kinaporidhisha. Zikishaondoka, zaweza kuendelea hadi usiku wa manane, mpaka umande urejee.

Ustadi wa dereva huonekana nyuma ya mashine wala si mbele yake. Akienda kasi kupita kiasi, au akiacha upepo wa feni ukiwa mkali mno, punje hutoka pamoja na makapi na kubaki ardhini. Wakulima na wavunaji hutumia kipimo rahisi: punje kama 20 za ngano katika kila futi mraba, kwa wastani wa upana wote uliokatwa, ni hasara ya bushel moja kwa ekari, yaani takriban kilo 27. Mkulima anayeinama na kuhesabu hujua ukweli kabla ya magunia kushonwa.

Hatari nazo ni nyingi. Vumbi na makapi yakikusanyika karibu na injini yenye moto, kombaini huweza kuteketea na kuliwasha shamba lote. Mashine ndefu hugusa nyaya za umeme. Mtu anayeingia ndani ya nafaka inayotiririka huweza kuzama na kukosa hewa kabla ya wenzake kutambua. Juu ya hayo yote kuna uchovu, kwani mtu aliyelala saa chache hupewa usukani wa lori lililosheheni.

Wanaoshika usukani

Wamarekani walio tayari kuishi ndani ya trela kwa nusu mwaka wamepungua, na waajiri hutafuta madereva ng'ambo. Zamani vijana wengi walitoka Ireland, Uingereza, Australia na New Zealand. Katika miaka ya karibuni, Waafrika Kusini wamekuwa wengi, hasa vijana waliokulia mashambani ambao tayari wanajua matrekta na kombaini. Wengi huingia kwa visa ya H-2A, ambayo hutolewa kwa kazi za kilimo za msimu.

Chini ya utaratibu huo, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi makao bila malipo, kumhakikishia angalau robo tatu ya saa zilizoandikwa katika mkataba, na kumlipia nauli ya kurudi akiumaliza. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba visa hiyo humfungamanisha na mwajiri aliyemwombea, na sheria ya kitaifa ya malipo ya saa za ziada haiwahusu wafanyakazi wa mashambani. Mtu anayefikiria kazi kama hiyo yafaa ausome mkataba neno kwa neno kabla ya kupanda ndege.

Namna ya kulipana

Kwa muda mrefu wavunaji wa Marekani wametumia bei ya sehemu tatu. Tuseme mapatano ni 25-25-25. Tarakimu ya kwanza ni dola 25 kwa kila ekari iliyovunwa. Ya pili ni senti 25 kwa kila bushel inayozidi 20 katika ekari, na ya tatu ni senti 25 kwa kila bushel inayobebwa hadi ghalani.

Shamba likitoa bushel 40 kwa ekari, yaani kama magunia 12 ya kilo 90, mvunaji atalipwa dola 25 za ekari, dola 5 za ziada ya mavuno na dola 10 za usafirishaji. Jumla ni dola 40. Likitoa bushel 15 pekee, atapata dola 28 na senti 75.

Hesabu hii ina busara ndani yake. Mvunaji anayelipwa kwa ekari tu hufaidika akikimbia, kwani punje anazomwaga si zake. Anayelipwa pia kwa nafaka iliyofika ghalani huwa na sababu ya kwenda polepole na kuirekebisha mashine. Shamba likiwa zuri wote wawili hufurahi, na likiwa baya wote huumia, japo si kwa kiwango sawa.

Kwa kweli, mvunaji huumia zaidi ya inavyodhaniwa. Kombaini moja mpya huuzwa kwa zaidi ya dola nusu milioni, na benki hudai malipo ya mkopo hata anga likikataa kutoa mvua. Mwaka wa 2023, baada ya ukame mrefu, mavuno ya ngano ya Kansas yalikuwa madogo kuliko yote tangu miaka ya 1960. Wakulima wengi waliacha mashamba bila kuvunwa. Baadhi yao walikuwa na bima ya mazao, lakini bima hiyo ni ya mwenye zao. Mvunaji aliyesafiri mamia ya kilomita na kukuta hakuna cha kukata hana suke la kulipiwa fidia.

Isitoshe, ngano yenyewe imepoteza ardhi. Mwaka wa 1981 Wamarekani walipanda takriban ekari milioni 88. Mwaka wa 2020 zilikuwa kama milioni 44, kiasi kidogo kabisa tangu rekodi zianze kuwekwa mwaka wa 1919. Wavunaji waliosalimika wengi wao ni wale waliojifunza kuvuna mahindi, soya na majani ya kulisha ng'ombe. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa, lakini hulazimika kubadilisha jembe.

Funzo kwa mkulima wa Kenya

Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, kwa hivyo kila gunia linalopotea shambani hununuliwa tena kwa fedha za kigeni. Wakulima wengi wa Narok, Nakuru na Uasin Gishu hawana kombaini zao, na huko Mwea mashine za kukodiwa zimeingia hata katika mashamba ya mpunga. Mkulima mwenye ekari mbili au tatu ndiye huhudumiwa mwisho, kwa kuwa mwenye mashine hupendelea shamba kubwa lisilohitaji kugeuka kila mara. Naye akingoja zamu yake, mvua humfikia kwanza. Ngoja ngoja, wahenga walisema, huumiza matumbo.

Dawa mojawapo ni majirani kupanda kwa wakati mmoja mbegu zinazokomaa pamoja, kisha kumwita mvunaji kwa sauti moja. Mashamba 10 ya ekari tatu yaliyopakana humvutia sawa na shamba moja la ekari 30.

Dawa ya pili ni mapatano ya mapema, tena ya maandishi. Kabla ngano haijageuka rangi, pande zote mbili ziafikiane kuhusu siku ya kuanza, bei, kiwango cha unyevu, nani atanunua dizeli, nani atabeba nafaka, na hasara inayokubalika ya punje ardhini. Pale inapowezekana, sehemu ya malipo ihesabiwe kwa magunia yaliyojaa badala ya ekari pekee.

Mazungumzo hayo yakiachwa hadi zao likiwa limekauka na mawingu yametanda, hayawi mapatano tena. Mwenye mashine hutaja bei, na mkulima, akitazama juu, hukubali.