Je, Mkazi wa Mjini China Hana Habari na Siasa?

Katika vipindi vyetu vya fasihi tafsiri, kauli moja hujirudia karibu kila mwaka: Mchina wa mjini hana habari na siasa, yeye ni kazi na biashara tu. Tunaomba wasomaji watuvumilie tuipime kauli hiyo kwa historia.

Tuanze na tamthilia ya Lao She iitwayo Chaguan, yaani Mkahawa wa Chai, iliyotoka mwaka 1957. Ukutani mwa mkahawa huo wa Beijing pamebandikwa tangazo linalowataka wateja wasizungumzie mambo ya dola. Hadithi inaanza mwaka 1898 na kuishia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ufalme unaanguka, wababe wa kivita wanakuja na kuondoka, lakini tangazo linabaki, na maandishi yake yanazidi kuwa makubwa. Sasa tujiulize: mtu asiyejali siasa anabandikiwa tangazo la nini? Mwenye mkahawa alijua fika kwamba wateja wake wanazungumza, na kwamba wapelelezi nao hunywa chai.

Tena wakazi hao hao hawakukaa kimya mwaka 1919. Wanafunzi wa Beijing walipoandamana tarehe 4 Mei kupinga Japani kupewa haki za Wajerumani mkoani Shandong, mwezi uliofuata wafanyabiashara wa Shanghai walifunga maduka na wafanyakazi wakagoma. Serikali ililazimika kuwaachisha kazi maofisa watatu.

Baada ya mwaka 1949 siasa haikukatazwa tena, ililazimishwa. Mfanyakazi wa mjini alikuwa chini ya danwei, yaani kitengo chake cha kazi, kilichompa mshahara, nyumba na matibabu, pamoja na vikao vya mafunzo ya siasa. Mwaka 1957 watu walialikwa wakikosoe chama. Walioitikia mwaliko waliujutia, kwani zaidi ya nusu milioni walibandikwa jina la watu wa mrengo wa kulia. Lao She mwenyewe alipigwa na Walinzi Wekundu mnamo Agosti 1966, na muda mfupi baadaye maiti yake ikakutwa ziwani. Kisha ikaja Juni 1989, jeshi likawafyatulia risasi raia wa Beijing. Mzazi aliyepitia hayo yote akimwambia mwanawe asome hesabu na aachane na siasa, sisi hatuwezi kumwita mtu asiyejali. Anakumbuka mno.

Mwaka 2007 wakazi wa Xiamen walipinga kiwanda cha kemikali kilichopangwa kujengwa karibu na makazi yao. Tarehe 1 Juni maelfu walitoka mitaani, na wakasema wanatembea tu. Kiwanda kikahamishiwa Zhangzhou. (Kamusi za zamani za Kiswahili zinalipa neno siasa maana mbili: uendeshaji wa mambo ya nchi, na upole au uangalifu. Watu wa Xiamen walizitumia zote mbili kwa siku moja.)

Na Novemba 2022, baada ya moto kuua watu 10 mjini Urumqi wakati wa masharti makali ya korona, vijana wa Shanghai na Beijing walisimama barabarani wakiwa wameinua karatasi nyeupe. Hazikuwa na hata herufi moja, na bado wapo waliokamatwa.